Antivairasi ya Mgao

Nilihamia Tandika nikitokea Kigamboni. Kabla ya Kigamboni nilikuwa Mbezi Luis, kabla ya hapo Kawe, na kote niliondoka watu wakiwa hawajajua vizuri kazi yangu ni ipi. Kazi yangu ilikuwa kompyuta, kwa kiasi. Shule niliiacha kidato cha pili, ila sijawahi kuweza kupita mahali ambapo kuna kitu kimefunguliwa, redio au simu au injini ya bajaji, bila kuchuchumaa na kuuliza hiki kinafanya nini. Kwa kuuliza nilijifunza mengi. Mengine nilijifunza kwa kuharibu mali za watu.

Chumba changu kilitazamana na steshenari ya mama mmoja, mtu wa Singida, aliyevuka sitini, ambaye alikuwa katibu muhtasi wa ofisi moja ya serikali mpaka alipostaafu. Mumewe alikwishafariki, watoto hakujaliwa. Alikuwa na fotokopi moja, skana moja, na kompyuta ya mezani aliyoinunua ofisi yao ilipouza vyombo chakavu. Kompyuta hiyo ndiyo ilikuwa duka lenyewe. Watu wa mtaa ule hawakuwa na tabia ya kutunza nakala zao. Mtu akichapiwa barua ya kuomba kazi au akiskaniwa vyeti, analipa, anachukua karatasi yake, anaondoka, na faili linabaki palepale. Ukimwuliza CV yako iko wapi, anakwambia ipo kwa mama. Cheti cha kuzaliwa cha mwanao? Kwa mama. Mkataba wa pango, katiba ya kikundi cha kuweka na kukopa, wasifu wa marehemu uliosomwa msibani mwaka juzi, vyote kwa mama, kila nyumba na folda yake.

Mbele kidogo kulikuwa na steshenari nyingine mbili, mpya, zina feni na vijana wenye maneno matamu. Watu walizipita. Mafaili yao hayakuwa huko. Mama alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Wiki ya kwanza tu, nilipokwenda kumsafishia kompyuta iliyojaa vijidudu vya flashi za wateja, aliniambia bila kugeuka, "Hii ikifa, mwanangu, mimi nafunga mlango. Sina kingine."

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Mteja hakuruhusiwa kusimama nyuma yake akimtajia maneno huku yeye anachapa. Aliketishwa kwenye benchi, anaambiwa aseme shida yake yote, na mama anaandika kwenye daftari kwa kalamu ya wino wa bluu, haraka kuliko mtu anavyosema. Halafu ndiyo anachapa. Nilichungulia daftari lile siku moja nikaona mikia, vinundu na vistari, kama mahali kuku alipopita.

"Haya maandishi gani, mama?"

"Hatimkato."

"Ni lugha gani?"

"Ni Kiswahili hikihiki. Kimekimbia tu."

Nilimwomba anifundishe, nikamwambia shule niliiacha kidato cha pili lakini nashika haraka. Alinifundisha alama tatu, na kama mambo yangu mengine yote nikachoka siku ya nne. Lakini nilipenda kumtazama akiandika. Aliandika kila kitu. Siyo barua za wateja tu. Nani kaja, kasema nini, umeme umekatika saa ngapi, skrini imetoa ujumbe gani. Nilimwuliza kwa nini anajichosha.

"Bosi wangu wa mwisho alikuwa anakana maneno yake," alisema. "Tangu hapo naandika."

Mimi mwenyewe nilichapiwa CV pale. Nilikaa kwenye benchi nikamtajia elimu yangu: kidato cha nne. Aliinua macho mara moja. "Cha nne?" Nikasema ndiyo, mama. "Haya," akasema, kalamu ikaendelea.

Sasa, alikuwa ameweka pesa kidogo kidogo ili anunue diski ya nje, ya kuhifadhi nakala ya kila kilichomo kwenye kompyuta na kuifungia kabatini. Wazo lilikuwa lake. Alilipata kwa akili ya ofisi, kwamba jalada lisilo na nakala si jalada. Akanipa mimi kazi ya kwenda mjini kuuliza bei.

Duka nililoingia lilikuwa la mzee mmoja wa Kihindi. Zilikuwa siku za Muharram, alikuwa amevaa shati jeusi, na alikuwa akifunga mapema kwenda msikitini. Diski alikuwa nazo, ghali. Lakini kwenye sakafu, nyuma ya kaunta, niliona katoni ya maboksi ya antivairasi yenye vumbi. Kwa kuwa siwezi kuona kitu nisiulize, nikauliza.

"Toleo la mwaka jana," alisema. "Lakini leseni inaanza kuhesabu siku utakapoiwasha. Mwaka mzima. Nakupa chini ya nusu bei, niondoe uchafu huu."

"Kompyuta ngapi, mzee?"

"Tatu. Imeandikwa hapo."

"Nikiweka nne?"

"Tatu."

"Na nikiitoa kwenye moja nikaipeleka kwenye nyingine?"

Aliacha kutafuta funguo akanitazama. "Kutoa unaweza. Akaunti ni yako, unatoa hata kwa simu. Lakini ile uliyoitoa haina kitu tena. Ipo wazi. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mzee."

"Umeelewa lakini unacheka."

Nilikuwa nacheka kweli. Nimeishi mitaa ambayo maji yanatoka Jumanne na Ijumaa, umeme unazungushwa kwa zamu, na hakuna anayeona ajabu. Watu hujaza ndoo, husubiri zamu yao, maisha yanaendelea. Kwa nini ulinzi wa kompyuta usiende kwa zamu? Wikiendi unakuwa huku, katikati ya wiki unakuwa kule. Kirusi chenyewe kitajuaje leo ni zamu ya nani? Niliona nimegundua kitu ambacho wenye kampuni hawakukifikiria, na sijawahi kujisikia mwerevu kama nilivyojisikia nikitoka dukani mle na boksi moja kwenye mfuko wa rambo.

Niliuza leseni ile kwa watu kumi na mmoja.

Wa kwanza alikuwa mama. Nilimwekea boksi mezani. "Diski ni ghali," nilimwambia, "na halafu diski ni ya kuhifadhia maiti. Hii inazuia kifo chenyewe."

Alilichukua boksi, akavaa miwani, akalisoma pande zote, maana Kiingereza chake kilikuwa cha ofisini, siyo cha mtaani kama changu. Aliandika kitu kwenye daftari. Halafu akafungua droo, akatoa pesa ya diski, akanipa. Nilimwekea, alama pembeni ya skrini ikawa kijani, nikamwambia akiona kijani ajue yuko salama.

Sikuishia hapo. Nilimwambia, kwa vile sasa kompyuta inalindwa, yale madaftari yaliyojaa rafu mbili hayana kazi, yanaleta mende. Alisita siku mbili. Siku ya tatu alibakisha manne ya karibuni, mengine akasema nimpelekee mama muuza vitumbua wa kona, afungie. Niliyabeba mimi mwenyewe, mizigo miwili, na muuza vitumbua akanipa vitatu vya bure.

Risiti za wateja wangu nilichapiwa na mama. Kumi na moja. Sikuona tatizo. Kila karatasi ya mtaa ilichapwa pale, ningeenda wapi kwingine?

Mwezi wa kwanza niliuendesha mgao kwa haki. Nilikuwa na ratiba kwenye simu. Jumatatu namtoa huyu namwingiza yule, naketi barazani, nabonyeza, kazi imekwisha. Wengi hawakugundua chochote, maana hakuna anayekaa akitazama alama ya kijani. Lakini alikuwepo jamaa mmoja mwenye kibanda cha kuingizia watu muvi kwenye flashi, mkubwa wa mwili na mkubwa wa sauti, na yeye alitazama.

"We fundi!" aliniita siku moja nikipita, watu wamejaa kibandani kwake. "Hii nyekundu ya nini? Mie nimelipia kijani."

"Mtandao huo, braza. Itarudi."

"Irudi saa hii. Leo nimechomeka flashi arobaini za watu, unajua uchafu wanaokuja nao? Mashine hii ikifa nakuvua suruali hapahapa barabarani, urudi kwenu Kigamboni na boksa."

"Kama anayo boksa," alisema mteja mmoja, na kibanda kizima kikacheka. Nami nilicheka. Huku nacheka nilikuwa nimeshatoa simu mfukoni, natazama orodha ya kompyuta tatu zilizokuwa na zamu wiki ile, nikichagua nani nimtoe ili mtu huyu arudi.

Nilimtoa mama.

Nataka nieleze kwa nini, kwa sababu nimejieleza mwenyewe mara nyingi na kila mara jibu ni lilelile. Nilimtoa kwa sababu hapigi kelele. Wengine kwenye orodha wangenifuata mlangoni. Mwenye duka la dawa alikuwa na mdogo wake askari. Mwenye studio ya picha alikuwa ananidai majibu kila siku. Mama angesema, mwanangu hebu njoo uangalie, na ningekwenda kesho, au keshokutwa. Baada ya wiki ile ratiba ilikufa. Ulinzi ukakaa kwa watatu wenye midomo, na wengine wanane waliishi kwa bahati. Mama naye.

Aliniita kweli. Siku ya pili tu.

"Hii imetoa maneno," alisema, akinionyesha kwa kalamu. Kilikuwa kisanduku katikati ya skrini, Kiingereza, na chini yake alama nyekundu.

"Matangazo hayo, mama. Wanataka ununue kubwa zaidi. Ukiona hivyo bonyeza hapo pembeni, funga."

"Matangazo."

"Ndiyo."

Aliandika mstari mmoja kwenye daftari lake, vinundu na mikia, halafu akafunga kisanduku kama nilivyomwambia. Niliutazama mkono wake ukiandika. Nilifikiria jinsi wino ulivyokuwa mzuri.

Alikaa wazi wiki tano.

Siku yenyewe ilikuwa ya katikati ya wiki, asubuhi, jua kali. Alikuja mwanamume mmoja ambaye hakuwa wa mtaa, anapita tu, anataka kuchapiwa fomu iliyomo kwenye flashi yake. Alichapiwa, akalipa, akaenda zake. Sijui alikuwa nani na sidhani kama mwenyewe alijua alichobeba. Kabla ya adhuhuri mama alisimama mlangoni akaniita. Hakupaza sauti.

"Njoo uangalie."

Kila faili lilikuwa limeota mkia kwenye jina lake, herufi zisizosomeka, na hakuna lililofunguka. Kwenye skrini kulikuwa na ukurasa mmoja mweusi. Mama alikwishausoma. Alinitafsiria kwa sauti ileile ambayo nadhani aliwasomea mabosi barua zao. "Wanasema wamefunga kila kitu. Wanataka pesa ya mtandaoni nisiyoijua, ndani ya siku tatu. Hawajasema wao ni nani."

Nilichomoa waya wa intaneti, nikazima, nikawasha, nikauchomeka tena, nikafungua folda moja baada ya nyingine. Ya nyumba ya kijani. Ya kikundi cha kina mama. Ya marehemu. Sikuwa na haja ya kufungua zote, lakini nilizifungua, kwa sababu nilipokuwa nafungua sikulazimika kugeuka. Mama alikaa kwenye benchi la wateja. Sikuwa nimewahi kumwona amekaa pale.

Watu walianza kuja saa nane. Wa kwanza alitaka CV yake, ana usaili Jumatatu, akaambiwa. Akatoka nje akapiga simu, na baada ya hapo mlango ulijaa.

"Mama, umetumaliza."

"Cheti cha mwanangu kiliungua na nyumba. Nilibakiwa na hiki cha humu. Nikaseme nini shuleni?"

"Miaka yote tunalipa, kumbe anatutunzia kwenye pakacha."

"Keshachoka bibi wa watu, si akalee wajukuu."

"Wajukuu wa nani? Huyu amezaa mafaili."

Walicheka. Mama alikuwa amesimama nyuma ya meza, daftari wazi mbele yake. Kila aliyesema alimtazama usoni mpaka amalize, kama mtu aliyekuja na barua.

Ndipo jamaa wa muvi alipojipenyeza mpaka mbele. "Kwani antivairasi hana? Mie ninayo, ya fundi huyuhuyu. Fundi, si ulimwekea na huyu?"

Watu wote wakanigeukia. Nyuma yao, uani kwa jirani, palikuwa na lundo la matofali ya ujenzi, na vijana wawili walikuwa wameshaokota. Hawakuwa wameamua bado ni kwa ajili ya nani. Niliona hayo yote kwa uwazi sana, na bado sitaki kusema kwamba ni matofali yaliyonisemesha. Maneno yalikuwa tayari mdomoni tangu asubuhi.

"Nilimwekea," nilisema. "Akaizima mwenyewe. Nilimwambia asiguse. Lakini mnawajua wazee na kompyuta."

Wakaguna wote. Hata waliokuwa wanamwonea huruma waliguna. Mama alinitazama, na mkono wake ulikuwa unaandika.

"Ni kweli, mama?" aliuliza mwenye usaili. "Ulizima?"

Mama alimaliza mstari wake. "Leo nimefunga," alisema.

Walimwaga mapipa yake ya karatasi kwenye mtaro, mmoja akang'oa kibao cha jina, akaenda nacho mpaka barabarani akakitupa. Vijana wenye matofali waliyatupa chini. Wote wakaondoka wakibishana. Jioni ile nilikaa kitandani nikashika simu, nikamtoa mwenye duka la dawa, nikamrudisha mama kwenye leseni. Sijui nilitaka nini. Kompyuta yake ikawa kijani.

Kesho yake wale vijana wa steshenari za mbele waliweka bango: Hapa faili lako lipo salama.

Mama hakufunga. Nilidhani angefunga, hata nilitamani afunge, kwa kuwa dirisha langu lilimtazama. Alinyoosha kibao, akakipigilia misumari upya, akatoa yale madaftari manne, akaanza kusoma vinundu na mikia na kuchapa upya. Barua baada ya barua, CV baada ya CV, kila mteja wa miezi ile kama alivyotamka mwenyewe. Vyeti vilivyoskaniwa havikuweza kurudi, maana hivyo havikuwa maneno ya kutamkwa. Na wale wa zamani, wenye madaftari niliyobeba mimi, nao hawakuweza kurudi. Nilinunua vitumbua kwenye kona asubuhi moja, nikapewa vimefungwa kwenye karatasi yenye wino wa bluu uliotapakaa mafuta. Niligeuza karatasi nikatafuta zile alama tatu nilizofundishwa. Sikuzikumbuka. Vitumbua vilikuwa vya moto, nikavila.

Kwenye meza yake alipanga barua zilizokamilika kwa majina ya nyumba. Zilikaa. Watu wachache walikuja kuchukua, wakichukua bila kukaa, wakitazama pembeni. Wengine walipita kwenda mbele.

Mwezi haukuisha, nikasikia kwamba ghala moja Kigamboni linataka mtu wa kompyuta, CV zipelekwe kabla ya Ijumaa mchana. Na mimi, fundi, niliyewauzia watu kumi na mmoja usalama, sikuwa na nakala ya CV yangu mahali popote. Ilikuwa kwa mama.

Nilikwenda saa nne asubuhi. Alikuwa peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nilimweleza. Alivuta daftari la pili, akarudisha kurasa nyuma, akavuta la nne, akaweka yote mawili wazi upande wa kushoto, akaanza kuchapa bila kutazama vidole. Nilikaa kwenye benchi. Alichapa kwa muda mrefu kuliko CV yangu ilivyostahili.

"Kumbe nilikuwemo," nilisema, ili kusema kitu.

"Kila mtu yumo."

Mashine ikatoa karatasi moja. Alinisukumia mezani. Jina langu lilikuwa juu, herufi kubwa, limepigiwa mstari vizuri. Chini yake alikuwa ameandika:

Elimu: Kidato cha pili. Kidato cha nne alikitaja yeye.

Uzoefu wa kazi: Fundi kompyuta, Tandika. Aliwauzia watu kumi na mmoja kinga ya kompyuta tatu. Aliiondoa kwenye kompyuta ya mchapaji, akamwambia mchapaji kwamba ujumbe ule ni matangazo. Alimshauri mchapaji asinunue diski, na atupe madaftari. Alisema mbele ya watu kwamba mchapaji alizima mwenyewe. Kinga aliirudisha siku hiyohiyo jioni.

Wadhamini: Hakuna.

Niliisoma mara mbili. Feni haikuwepo mle ndani, jasho lilinitiririka mgongoni mpaka kwenye mkanda.

"Ulijuaje?" nilimwuliza.

"Boksi ulileta wewe. Limeandikwa tatu. Risiti kumi na moja nilikuchapia mimi." Aligeuza daftari nilione, kama vile ningeweza kulisoma, akaweka kidole kwenye mstari. "Na hapa skrini ilisema, leseni imeondolewa kwenye kompyuta hii, imehamishiwa kompyuta nyingine. Kiingereza rahisi. Nilidhani utairudisha. Nikasema kijana amebanwa, atairudisha. Nilikusubiri."

"Siku ile mbona hukusema?"

"Wale wawili walikuwa na matofali. Ningesoma mstari huu, wangekuulia hapo kizingitini, na mimi ningeshinda naosha." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwa nini hakufungua duka siku ya sikukuu. "Halafu ningekuandika na wewe wasifu wa msibani. Nilikuwa na kazi nyingi."

"Utawaambia?"

"Akija mtu akauliza, nitamsomea. Mpaka leo hajauliza mtu."

Nilimwomba ile ya zamani, ile aliyonichapia mara ya kwanza. Nilimwomba kwa adabu, nilimwita mama mara tatu kwenye sentensi moja.

"Ile imeliwa na kirusi," alisema. "Ukurasa mmoja, shilingi mia tano."

Nililipa. Alinipa chenji, akaandika kwenye daftari, na mimi nikatoka na karatasi nimeikunja mara nne.

Nilikwenda kwa wale vijana wenye feni. Nikawatajia kidato cha nne, nikaongeza na cheti cha chuo ambacho sijawahi kuona hata jengo lake. Hakuna aliyeinua macho. Walichapa nikiwa nimesimama nyuma yao nikiwarekebisha, na kazi ya Kigamboni nikaipata. Nilihama Tandika Jumamosi, na godoro langu likavuka kwa pantoni siku hiyohiyo.

Niko hapa ghalani mpaka sasa. Ile leseni bado haijaisha mwaka. Jamaa wa muvi hunipigia kila baada ya wiki kadhaa. "Fundi, ya kwangu kijani, inadunda," ananiambia. Safari ya mwisho nilimwuliza, kama kitu kilichonipitia tu kichwani, yule mama wa steshenari vipi. "Yupi, aliyetupotezea mafaili? Alifunga zamani. Pale sasa wanakaanga chipsi. Chipsi kavu lakini kubwa." Nikamwuliza alikwenda wapi. Akasema Singida, au labda hospitali, alisikia moja kati ya hayo.

Baada ya kukata simu nilifungua akaunti. Kompyuta tatu zipo kwenye orodha. Ya muvi, imelindwa. Ya studio ya picha, imelindwa. Ya mama nayo ipo, alama yake ni ya kijani kama nyingine, imeandikwa imelindwa, na chini yake, kwa herufi ndogo, kwamba haijaonekana mtandaoni kwa siku sabini. Kuna mtu hapa ghalani ananiomba nimwekee antivairasi, atanilipa vizuri. Nafasi anayoitaka ni ya mama. Nimemwambia asubiri kidogo, mtandao unasumbua.